Picha Niliyoionyesha Posta

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoanza kuiogopa Kariakoo. Kabla ya hapo sikujua kwamba ni mahali pa kuogopwa. Nimezaliwa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya familia ya Kihindu iliyopiga kengele ya sala kila asubuhi, na duka la baba lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Baba aliteremka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akauza makufuli barabarani, baadaye akapata duka la makufuli, vitasa na bawaba, baadaye tena akawa anauza kwa jumla. Mtaani alikuwa Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi wa kwetu. Mimi nilikuwa binti wa Mangi, na hilo lilitosha kunipitisha kokote bila mtu kunishika mkono wala kuniuliza ninakwenda wapi.

Mwaka ule nilipata ufadhili wa masomo ya uzamili. Ulikuwa ufadhili wa watafiti wanaochipukia katika samaki wa maji baridi, yaani wa mito, maziwa na mabwawa, na namna ya kuwahifadhi. Nyumbani walifurahi ingawa hawakuelewa vizuri. Mama aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba nasomea samaki, mmoja akamuuliza kama nitafungua bucha.

Swali langu lilikuwa juu ya perege. Kwenye mito na mabwawa yetu wapo perege wa asili ambao hawapatikani pengine popote, na wanapungua. Wanavuliwa kabla hawajazaa hata mara moja, na wanachanganyika na sato walioletwa kutoka maziwa ya mbali, hadi inafika mahali hakuna anayejua huyu ni nani. Nilitaka kujua, katika samaki wanaofika Dar kutoka bwawa fulani la bara, ni wangapi bado ni perege halisi, na ni wangapi wamevuliwa wangali wachanga.

Sikulianza swali lile chuoni. Nililianza mezani kwa mama mmoja aliyeuza samaki wa maji baridi kwenye uchochoro nyuma ya soko. Alikuwa mjane, mwembamba, vidole vyake vimejaa alama ndogo za miiba ya mapezi. Nilikuwa nikinunua samaki kwake tangu sekondari, naye ndiye aliyeniambia siku moja, huku akimgeuza perege mkononi, kwamba samaki wa siku hizi hawafanani na wa zamani. "Huyu mdomo si wake," alisema. "Rangi ya perege, mdomo wa sato. Sijui wameoana wapi." Sentensi hiyo niliipamba kwa maneno ya kitaalamu, nikaiandika kwenye maombi, na waliosimamia ufadhili wakaipenda.

Basi kwa miezi sita nilikuwa nakwenda kwake kila wiki na ubao wangu wa kupimia, ambao sokoni waliuita rula. Alinipa kistuli chake, yeye akakaa juu ya deli la barafu. Nilipima samaki mmoja mmoja, nikakata kipande kidogo cha pezi, nikakitia kwenye kichupa chenye spiriti.

"Unavipeleka wapi hivyo?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Maabara, mama. Watanitolea ukoo wake."

"Ukoo wa samaki." Alicheka kidogo. "Sisi wenyewe wa kwetu unatushinda."

Siku hiyo hiyo nilimwahidi kwamba sitamtaja kwa mtu yeyote. Alijua kwa nini nasema hivyo. Samaki wengine walikuwa wa kiganja kimoja tu, na sheria inakataza kuwauza. Alinitazama akasema, "Namfahamu Mangi. Mtoto wake hawezi kuniponza."

Mwisho wa ile miezi sita, sisi tuliopewa ufadhili tuliitwa kwenye ofisi moja Posta, katikati ya jiji, kueleza tulipofikia. Kulikuwa na walimu, wafadhili, na wageni kutoka sehemu mbalimbali zinazohusika na uvuvi. Niliogopa sana siku ile, lakini niliogopa vitu vya bure. Niliogopa kompyuta itagoma. Niliogopa jasho litaonekana kwapani. Niliogopa mwenzangu mmoja aliyekuwa akizungumza Kiingereza kama maji.

Nilikuwa na picha moja niliyoipenda kuliko zote. Perege mchanga amelala juu ya ubao wangu, macho bado yanang'aa, mkono wa yule mama umemshika mkia ili asiteleze. Uso wa mama nilikuwa nimeukata, na moyoni nilijisifu kwa hilo. Kilichobaki ni mkono wake, samaki, na ukingo wa meza.

Nilipokwisha kuipita, mwanaume mmoja wa safu ya tatu akainua kidole. "Samahani, mtafiti. Hebu rudisha hiyo picha ya nyuma."

Nikairudisha. Akaitazama. Akainua simu yake, akaipiga picha.

"Ahsante. Endelea."

Nikaendelea. Walipiga makofi, tukala pilau, msimamizi wangu akaniambia nimefanya vizuri. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo.

Baada ya siku tano nilikwenda sokoni kama kawaida, mnamo saa nne asubuhi. Nilipoingia kwenye uchochoro niliona maji mengi yanatiririka, yana magamba na vipande vya barafu. Meza ya mama ilikuwa imepinduliwa, miguu juu. Yeye hakuwepo. Meza za jirani zilikuwa zimesimama, na wenyewe wapo, lakini hakuna aliyekuwa akiita mteja.

Nilimuuliza muuza kambale wa meza ya pili kilichotokea.

"Mabwana samaki," alisema, yaani maofisa wa uvuvi. "Wamekuja na askari. Wamembeba yeye na samaki wake."

"Yeye peke yake?"

"Yeye peke yake. Hawakuhangaika kutafuta. Walikuwa wanatazama simu, wanatazama meza. Walipoyaona haya wakasema ndiyo hii."

Alinionyesha kwa kisu. Kwenye ukingo wa meza iliyopinduliwa, kwa rangi ya bluu, kulikuwa na maneno aliyoyaandika marehemu mume wa mama yule: HARAKA YA NINI. Sasa yalisomeka kichwa chini. Maneno yale yalikuwemo kwenye picha yangu, chini kabisa, yamekamilika, hata herufi moja haikukatika.

Muuza kambale alikuwa akiangalia begi langu, mahali rula ilipokuwa imechomoza. Aliiangalia kwa muda, kisha akanitazama usoni.

"Leo umechelewa," alisema, akarudi kukata samaki wake.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilipita njia niliyoizoea tangu utotoni, na kila aliyeniita "dada, karibu" nilihisi ananijua. Mchana simu iliita, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanaume, imetulia kabisa.

"Dada wa rula. Mambo?"

"Poa," nilijibu. Mdomo ulijibu wenyewe kwa mazoea.

"Unakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Tumeiona kazi yako. Tutakuja kukushukuru."

Akakata.

Nilimwambia mama yangu nina homa, nikajilaza, na kweli nilikuwa natetemeka. Siku mbili sikutoka. Nilikaa pembeni ya dirisha nyuma ya pazia nikiangalia chini. Mtu mwenye kofia nyekundu alisimama mkabala na mlango wetu muda mrefu. Alikuwa akinywa juisi ya miwa, labda ni hilo tu. Fundi aliyekuja kutengeneza bomba kwa jirani nilimsikiliza kila hatua aliyopanda ngazi. Kengele ya sala ya wale jirani wa chini ilipolia asubuhi niliruka kitandani nikidhani ni mlango wetu.

Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na nyingine, nayo ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu haikuwa na mtu wa kuifungia mlango. Mama yule alikuwa mahabusu, na mimi ndiye niliyempeleka. Sikupokea kitu, sikumtaja mtu, sikukusudia. Nilijirudia hayo mpaka yakawa kama tasbihi. Kila nilipofika mwisho nilikuwa palepale nilipoanzia.

Siku ya tatu mama yangu aliniambia kama nimepata nafuu nimpelekee baba chakula dukani. Sikuwa na sababu ya kukataa. Nilijifunga mtandio mpaka karibu na macho, nikapita vichochoroni, nikaingia dukani kwa mlango wa nyuma kupitia stoo. Hapo nikasikia sauti za watu wakizungumza na baba, nikasimama katikati ya maboksi ya makufuli, bakuli la chakula cha moto mikononi.

Walikuwa watu watatu kutoka safu ya samaki. Mkubwa wao alisema kwa adabu.

"Mangi, hatukuja kwa shari. Mwenzetu amelala mahabusu siku mbili, leo asubuhi ndiyo ametoka. Watu wanasema binti yako ndiye aliyemchomea utambi."

"Watu wanasema," baba alisema.

"Wanasema. Nasi tunakuheshimu, ndiyo maana tumekuja kwako kabla wengine hawajafanya la kwao."

Nilisikia baba akiweka boksi chini. "Umewahi kusikia nimesema neno likawa silo?"

"Hapana, Mangi."

"Basi nasema. Mwanangu hajampeleka mtu kwa bwana samaki. Hilo lichukueni kutoka kwangu."

Wakaaga. Wakaondoka. Nilisikia kandambili zao zikipungua katika kelele za barabarani.

Nilisimama pale nikifikiri kwamba yamekwisha. Hilo ndilo nililolifikiri kwanza, siwezi kulificha. Kariakoo hakuna hati inayopita neno la mtu kama baba. Ningenyamaza tu, kofia nyekundu ingeondoka, simu isingeita tena. Na alichokisema kilikuwa karibu kabisa na kweli. Sikumpeleka mtu. Nilipeleka picha.

"Baba."

"Chakula kiweke hapo."

"Baba, ulilowaambia si kweli."

Alikuwa akifunga boksi kwa gundi. Hakuacha. "Lipi si kweli?"

Nikamweleza yote: Posta, picha, yule mtu wa safu ya tatu, maneno ya bluu. Baba hajawahi kunipiga hata nilipokuwa mdogo. Lakini sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa pale, akiwa amenipa mgongo, mkono wake umetulia juu ya boksi.

"Uliyaona hayo maandishi kabla hujaionyesha?"

"Niliyaona. Sikufikiria."

"Na ungefikiria, ungeitoa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa jibu jepesi, na alikuwa akilingoja. "Sijui, baba. Ilikuwa picha nzuri."

Akageuka. Kisha akasogeza kando bakuli la chakula bila kukionja, akachukua kofia yake, akavuta geti la duka mpaka chini. Saa saba mchana, siku ya kazi. Sikuwahi kuona geti lile likifungwa saa hiyo isipokuwa siku ya msiba.

"Twende," alisema.

"Sasa hivi?"

"Neno langu lipo kule. Likilala litaoza."

Tulitembea bila kuzungumza. Wapagazi walipita na marobota ya nguo vichwani wakituambia tupishe, na mimi kila bega lililonigusa nilishtuka. Tulipoingia kwenye uchochoro wa samaki niliona watu wakiacha walichokuwa wakifanya. Mama alikuwa ameisimamisha meza yake. Haikuwa na kitu juu. Alikuwa akiisugua kwa brashi na sabuni ya unga, polepole, khanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema bila kuinua macho. "Mangi, karibu. Sina pa kukukalisha."

Baba alivua kofia. "Leo nilisema neno mbele ya wenzako. Nilisema bila kujua. Nimekuja kulirudisha. Mwenyewe atakwambia."

Nikasema. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yenye povu. Watu walisogea. Nikasikia mtu akisema, "Si tulisema?" Mwanaume mmoja mnene, mwenye kisu cha kuparulia magamba, alinijia hadi nikasikia pumzi yake.

"Dada wa rula," alisema.

Ilikuwa sauti ile ya kwenye simu. Baba alisogea akasimama kati yetu, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi baba yangu alivyokuwa mfupi.

"Shemeji," mama alisema, bado anasugua. "Kaa chini."

Yule mwanaume alisimama kidogo, kisha akaketi juu ya deli. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe.

Mama alifuta mikono kwenye khanga. "Nionyeshe hiyo picha."

Nikaitafuta kwenye simu, nikampa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaivuta kwa kidole ikawa kubwa, akaipunguza tena.

"Uso wangu umeuondoa."

"Ndiyo, mama."

"Ulidhani uso ndio mimi. Soko zima wananijua kwa meza hii."

Alipitisha kidole kwenye herufi za bluu.

"Samaki walikuwa wadogo," aliendelea, na sasa alikuwa akisema na wote waliosimama. "Hilo sikatai. Nikiwapokea ninajua. Lakini wewe ulikuwa unaniambia habari zao kila wiki, kwamba huyu hajazaa, huyu hajazaa, nami yakaniingia. Kuna wiki nilirudisha deli zima kwa aliyeniletea. Ulikuwepo. Uliona?"

"Niliona."

"Hilo uliwaambia kule Posta?"

Nilitikisa kichwa. Nilikuwa na dakika kumi na tano za kuzungumza, na hilo halikuwamo kwenye vipimo vyangu. Nilikuwa na urefu, uzito na mapezi. Deli lililorudishwa sikuwa na safu ya kuliandika.

Alinirudishia simu. "Mangi, neno lako nimelipokea, na hakuna atakayemgusa mwanao, wala dukani kwako hatakuja mtu. Wewe binti, nenda. Usirudi hapa na rula. Sikutishi. Hapa si pako tena."

Baba alivaa kofia, tukaondoka. Njiani alisimama kwa muuza maji, akaninunulia chupa moja, akangoja ninywe yote.

Usiku ule sikulala, na kulipokucha nilikaa kuandika barua kwa waliosimamia ufadhili. Niliandika kwamba nilimwahidi mtu siri nikaivunja, na kwamba kwa sababu yangu alilala mahabusu. Niliifuta mara tatu. Ufadhili ule ulikuwa kila kitu nilichokuwa nacho. Mkataba ulisema wazi kwamba anayemdhuru mtu aliyeshiriki kwenye utafiti anaweza kuondolewa. Msimamizi wangu, mwanamke mkali mwenye miwani ya kamba, aliniita ofisini kwake baada ya kuisoma.

"Kwa nini umeandika hii? Hakuna aliyelalamika."

"Yule mama hana pa kulalamikia, mwalimu."

Alivua miwani akaiweka juu ya barua. Akaniambia nimejitia kitanzi mwenyewe, na kwamba ataipeleka mbele kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza neno.

Nilingoja wiki tano. Kila barua pepe iliyoingia niliifungua nimefumba jicho moja. Walipokuja kuniita Posta, nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya sita kwa sababu niliogopa kusimama ndani ya lifti na mtu yeyote kati yao. Walikuwa watu wanne. Hawakunikaripia, na hilo lilinitisha zaidi. Walisema hawataniondoa. Lakini vipimo vyote vya soko nivitupe, picha zote, vichupa vyote. Nianze upya bwawani kwenyewe, kwa wavuvi watakaokubali baada ya kuelezwa kila kitu, na muda niliopoteza haufidiwi.

Nilivimwaga vichupa vile kwenye sinki la maabara, kimoja kimoja. Miezi sita ya kazi ilichukua nusu saa kuisha.

Bwawani nilikaa miezi minane. Wiki za kwanza, wanawake waliokuwa wakianika samaki waliinuka kila nilipokaribia na daftari. Sikuwashangaa. Nilikuwa nakaa mbali, juu ya jiwe, daftari limefungwa, mpaka mmoja akaja kuniuliza nataka nini. Nilimweleza nilichomfanyia mwenzao wa Dar, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kumweleza habari za perege. Alinyanyuka akaenda kuwaambia wengine. Baadhi yao hawakunisogelea mpaka nilipoondoka. Wengine walikuja na samaki. Tasnifu yangu haina picha hata moja ya mkono wa mtu. Inasema kwamba perege halisi bado wapo, si wengi, kwenye mikono ya mto unaoingia bwawani, yenye matete mengi ambako wavu haupiti kirahisi. Nilifaulu.

Yule mama aliacha samaki wa maji baridi. Sasa anauza ng'onda, samaki wa baharini waliokaushwa kwa chumvi, kwenye uchochoro uleule. Nayajua haya kwa sababu mama yangu hununua kwake na huniletea salamu ambazo sijui kama kweli zimetumwa. Baba alipoteza wateja kadhaa mwaka ule. Hajawahi kunitajia, lakini nimehesabu nyuso ambazo sizioni tena dukani.

Nikienda dukani siku hizi sipiti nyuma ya soko. Nazunguka hadi karibu na Mchikichini, kwenye marundo ya mitumba, njia inayochukua karibu nusu saa zaidi, na hata huko mtu akiniita "dada" ghafla moyo unanidunda. Nafika nimechelewa, miguu imejaa vumbi. Baba haniulizi nilikopita. Anasogeza maboksi kidogo nipate pa kukaa, ananimiminia chai, anaendelea kuhudumia wateja.